Kabla Hujanunua Puti

Gari limekwaruzwa, au limebonyea, na unajiuliza ulishughulikie mwenyewe au ulipeleke gereji. Watu wengi wanaanza kwa kujipima ufundi. Anza kwa kujua kilichoumia: rangi, bati, au kilicho nyuma ya bati.

Pitisha ukucha kuukatiza mkwaruzo. Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo umeishia kwenye klia, lile tabaka la juu linalong'aa, na hiyo ni kazi yako. Ila jua unasugua nini. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, tabaka la chini, hadi klia, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Karatasi moja ya fotokopi ni kama mikroni 100, na klia peke yake haifiki nusu ya karatasi hiyo kwa kawaida. Kwa hiyo tumia msasa wa maji namba 2000, taratibu, kisha kampaundi, dawa ya kung'arishia, na kitambaa laini. Anayeanza na namba 800 anaitoboa klia mara moja, na doa hilo haliondoki kwa polishi, linataka kupulizwa upya. Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango rangi hutoboka upesi zaidi, kwa hiyo bandika tepu ya karatasi usipaguse.

Ukucha ukikwama, weka rangi ya kugusia kabla kutu haijashika. Namba ya rangi ipo kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota za Japani tafuta maandishi C/TR, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe tupu na inasamehe makosa. Ukikuta 1F7, fedha, au 070, nyeupe ya lulu, gusia vidoa tu na usijaribu kupuliza mlango mzima. Fedha ina chembe za alumini zinazolala tofauti kulingana na presha ya hewa, umbali wa bunduki ya kupulizia na thina iliyotumika kuyeyushia rangi. Mlango unaweza kufanana na gari ukiutazama kwa mbele, ukisogea ubavuni unauona umekuwa mweusi. Hata fundi rangi hodari haishii kwenye mlango ulioumia. Anaipuliza rangi ikififia hadi kwenye paneli ya jirani, ndipo klia inafunika zote mbili.

Bampa la plastiki lililobonyea bila kupasuka ni kazi ya nyumbani. Mwagia maji ya moto sana taratibu, sukuma kwa ndani ukiwa na glovu, kisha mwagia ya baridi. Likihitaji rangi, tazama upande wa ndani. Mengi yamegongwa herufi PP, na plastiki hiyo haishiki rangi bila praima yake maalumu. Praima hiyo ikirukwa, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Sasa puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, za nyumbani na za gereji. Kipimo ni takriban gramu 2 za hadena, dawa ya kuigandisha, kwa gramu 100 za puti. Kwa joto la Dar es Salaam inaganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo koroga kidogo kidogo. Kuongeza hadena hakuongezi ugumu. Inayozidi inapanda hadi juu na kutoa doa la njano kwenye rangi nyeupe baada ya gari kuanikwa juani. Puti iwe ya kusawazisha tu, milimita 2 au 3. Bonde linyooshwe kwanza kwa nyundo na doli, kipande cha chuma cha kukinga nyuma ya bati. Na isuguliwe kavu. Puti inafyonza maji, na ukiisugua kwa msasa wa maji kisha ukapaka praima, unyevu umeufungia humo. Miezi kadhaa baadaye unaona malengelenge, na chini yake kutu. Ukanda wa pwani, wenye hewa ya chumvi, hauchelewi kukuonyesha kosa hilo.

Kutu iliyovimba chini ya rangi ichokonoe kwa bisibisi. Ikitoboka, puti haifai kitu, bati likatwe na lichomelewe. Angalia pia vitundu vya kutolea maji chini ya milango, vikiziba kwa udongo kutu inaanzia ndani.

Yapo ambayo hupaswi kuyagusa kabisa. Mlango uliogongwa kwa nguvu una boriti ya chuma ndani. Ikipinda, badilisha mlango. Nafasi kati ya mlango na fenda ikiwa pana juu na nyembamba chini, au buti limeanza kugoma kufunga, chasisi inahitaji kupimwa. Nguzo za magari ya sasa mara nyingi ni chuma cha nguvu ya juu, na moto wa gesi unakidhoofisha, hivyo fundi anayezinyoosha kwa gesi mkatalie. Vilevile usipulize nyumbani klia ya makopo mawili, inayochanganywa na hadena. Hadena yake ina kemikali ya isosayaneti, inayoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii.

Fenda ya mbele ni habari njema kwa magari mengi, imefungwa kwa bolti. Kwa Toyota mara nyingi spana namba 10 inatosha. Tafuta ya mtumba yenye namba ileile ya rangi, Ilala, Dar es Salaam, pale Shaurimoyo kwa mfano, ulinganishe juani kabla ya kulipa. Huenda usihitaji puti wala rangi.

Ukiamua gereji, patana na fundi akuite mara mbili: bati likishanyooshwa kabla ya puti, na praima ikishakauka kabla ya rangi. Mara ya kwanza pitisha kiganja huku umefumba macho, kwa sababu mkono unahisi mawimbi ambayo jicho halioni. Siku ya kuchukua gari, nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale inapokataa kushika kwenye bati, puti ni nene.