Siku moja na ngome ya Ananuri (na mkwe aliyetaka pikipiki)

Ndugu zangu wa Mombasa wakiona picha zangu za milima huniambia, "Wewe unalipwa kutalii." Haya, leo fuataneni nami. Naishi Tbilisi, Georgia, na kazi yangu ni kutembeza wageni wa Ghuba kwa Kiarabu. Ofisi iliyoniajiri ni ndogo hata kiti changu haina.

Saa kumi na mbili asubuhi. Giza bado, baridi ya Oktoba. Chai ya maziwa, mkate, soksi mbili mbili.

Saa mbili. Mimi na dereva tuko nje ya hoteli. Yeye anazungumza Kigeorgia, mimi Kirusi cha kuokoteza, na tunaelewana kuliko ndugu wengi. Wageni wanateremka saa tatu kasorobo: baba, mama, watoto wawili na Bibi, kutoka Maskati, Oman. Nawasalimu kwa Kiarabu. Bibi ananikazia macho.

"We mtu wa wapi?"

"Mombasa, Bibi."

"Ala! Na shikamoo hutoi?"

Kazaliwa Unguja. Nikampa shikamoo yake, naye akanifungulia Kiswahili mpaka jioni. Mkwe wake hakufurahi. Alikuwa amelipia Kiarabu.

Saa nne, mji wa Mtskheta: picha, choo, twende.

Saa tano na nusu, Ananuri. Ni kama kilomita 70 kutoka Tbilisi, kando ya barabara iendayo Urusi, na ngome imekaa mtelemkoni juu ya maji ya bwawa la Zhinvali. Ratiba ya ofisi inanipa dakika 40. Mkwe hajashuka garini vizuri: "Hapa kuna nini? Ngome? Twende Gudauri kule milimani, watoto wanataka pikipiki za magurudumu manne."

Nikamwambia dakika ishirini tu. Huo ni uongo ninaousema mara nne kwa wiki.

Ananuri ilikuwa makao ya ma-eristavi wa Aragvi. Eristavi, kwa lugha yetu ya pwani, ungemwita liwali, ila hawa walikuwa maliwali wa kurithishana, wenye askari wao na ugomvi wao. Ngome zilikuwa mbili, ya juu na ya chini, zimeungwa kwa ukuta wenye meno na vitundu vya kupigia risasi. Ya chini imebaki magofu. Ya juu bado imesimama, na kona yake ina mnara mkubwa wa pembe nne uitwao Sheupovari, yaani asiyetishika.

"Ngome yetu ya Nizwa kubwa zaidi," akasema mkwe, simu sikioni.

Kweli, mnara wa Nizwa ni mnene kuliko huu, nami nikakubali. Akapata nguvu. Akataka kujua hapa adui alimwagiwa nini, maana Nizwa walimwaga asali ya tende ya moto. Nikamjibu kwamba huku tende hazioti, na moto wenyewe aliuleta adui. Mwaka 1739 Shanshe, eristavi wa Ksani, jirani yao, aliivamia ngome hii, akaichoma na kuua ukoo wa watawala wa Aragvi. Mnara huo wa Sheupovari ndio walikojihami mwisho. Miaka minne baadaye wakulima walimkataa huyo bwana mpya, wakawaua watu wake na kumwomba mfalme Teimuraz II awatawale mwenyewe.

"Wakulima?" Bibi akauliza.

"Wakulima, Bibi."

"Walichoka."

Tukaenda upande wa kusini wa kanisa kubwa, la mwaka 1689. Hapa ndipo mimi hupunguza mwendo hata kama mgeni analia. Jiwe lote limechongwa: msalaba mrefu na mizabibu yake. Ndani michoro ya ukutani imebaki vipande vipande, mingi iliteketea kwenye moto wa karne ya 18. Mkwe akapiga miayo. Ndipo nikatoa silaha yangu.

"Kanisa hili lilikuwa na umri wa miaka saba tu babu zenu walipoanza kuizingira Ngome ya Yesu, Mombasa. 1696."

Simu ikashuka. "Na tuliichukua," akasema.

"Mliichukua 1698. Iliwachosha."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu asubuhi.

Lakini swali la siku lilikuwa la Bibi, aliyepanda pole pole hadi juu akishika bega langu: "Waliokuwa ndani maji walitoa wapi?" Wageni mia huuliza bafu iko wapi, mmoja huuliza maji ya mzingiro. Nikamsimulia hadithi ya wenyeji, kwamba kulikuwa na njia ya siri ya chini kwa chini kwenda majini, na mwanamke aitwaye Ana, wa kijiji cha Nuri, alikamatwa na kuteswa ili aionyeshe. Akafa nayo. Kwa hiyo Ananuri. Bibi akasimama akitazama bwawa, hakusema kitu, kisha akaniomba tukae. Tulikaa. Dakika 40 zilishapita zamani, na mkwe alikuwa chini akibishana bei ya kofia za manyoya.

Baada ya hapo saa zilinipotea. Juu ya mji mdogo wa Pasanauri tuliingia foleni ya matrela yanayopanda mpakani, moja nyuma ya jingine mpaka macho yanachoka, na dereva akazima injini. Mtoto mdogo alitapika. Mwenzake alitaka chipsi. Mkwe aliniuliza mara sita tutafika lini, kana kwamba matrela ni yangu. Khinkali, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, nilizikagua jikoni mwenyewe kuhakikisha hazina nguruwe. Pikipiki walipanda, robo saa, mvua ikanyesha. Kanisa la Gergeti lilikuwa ndani ya ukungu, na lawama nikala mimi.

Kurudi, wote walilala isipokuwa dereva. Mimi nilijifanya niko macho. Miguu ilikuwa inawaka, sauti imekwisha, na nikakumbuka kesho nina kundi la watu kumi na wanne, Ananuri tena, dakika 40.

Saa tano usiku, niko kitandani, simu ikalia. Mkwe. Anaweka picha zake mtandaoni na anataka kuandika vizuri: "Ule mwaka ulikuwa 1689 au 1698?"

Nikamjibu: "1689 ni wao. 1698 ni nyinyi."