Kupanda Kwitutu bila Haraka

Wengi wetu tunaoishi Kisumu hulijua Ziwa Viktoria kutoka ufukweni tu, tukisubiri samaki aive huku jua likizama. Mimi hulipenda zaidi nikiwa juu yake, kwenye Kisiwa cha Mfangano katika Kaunti ya Homa Bay, ambako mlima Kwitutu unapanda zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa maji.

Boti huondoka Mbita, hupita kando ya Rusinga na kutia nanga Sena. Kutoka hapo njia inakatiza maboma na mashamba madogo, kwa hiyo adabu inamtaka mgeni asimame na kusalimu kila anapokutana na watu, jambo ambalo peke yake linatosha kuupunguza mwendo. Wenyeji wa kisiwa ni Abasuba, ambao mababu zao walivuka ziwa wakitokea upande wa Uganda; leo wengi wao huzungumza Kijaluo, ingawa nilifurahi kuwasikia wazee wawili wakijuliana hali kwa Olusuba.

Nilipomuuliza kiongozi wetu, “Mzee, hatutachelewa kweli?” alinijibu, “Twende tu, binti yangu, mlima hauna lango la kufungwa.”

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni michoro ya Kwitone. Chini ya mwamba ulioinama, mikono ambayo wengi huinasibisha na Watwa, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, ilichora duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, na hakuna sura ya mtu wala mnyama kati yake. Ukikaribia, unaona jinsi rangi ilivyofifia penye vijito vya mvua na kubaki imara pale mwamba unapoikinga, na kingo za duara si laini, kana kwamba zilipakwa kwa kidole. Simulizi za kisiwani huihusisha michoro hii na ibada za kuomba mvua, na kwa maoni yangu mtu anayeipiga picha moja na kuondoka hajaiona. Inauma kwamba wapo wageni ambao huimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, ilhali maji hayohayo ndiyo yanayoiharibu.

Juu zaidi nyasi zinachukua nafasi ya mihogo na mahindi, na upepo wa ziwa unakausha jasho kabla hujapumzika. Ukiwa kileleni unauona Takawiri, Rusinga na milima ya Gembe upande wa mashariki, na milima ya Gwassi kusini. Magharibi ni maji matupu.

Anayetaka kwenda aanze asubuhi na mapema, abebe maji ya kutosha, na amtafute kiongozi mwenyeji kupitia Jumba la Makumbusho ya Amani la Abasuba, kwa kuwa jamii yenyewe ndiyo inayoilinda michoro hiyo.