Karatasi ya ukutani

Leo jamani nimechoka mwili na roho.

Kwa wasiojua, mimi na mzee wangu ni wamisionari, wale wa umri mkubwa, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tulistaafu, tukafunga nyumba Kakamega, tukaja Nairobi kutumika. Korona ikatangazwa nchini 13 Machi mwaka huu wa 2020, haikuchukua muda vijana wetu wamisionari wa kutoka nje wakaambiwa fungasheni, mnarudi kwenu.

Sasa leo tumeenda kutoa vitu kwenye nyumba waliyopanga. Shati jeupe bado liko kwenye kamba.

Na ukutani kuna karatasi imebandikwa kwa seloteli, majina ya watu waliokuwa wanawatembelea, na mbele ya jina moja wameandika "mguu unamsumbua, mchotee maji". Yaani nililia hadi maski ikalowa, mzee ananiuliza kwani umeona nini, nikamwonyesha tu kwa kidole.

Tukampigia huyo mama palepale. Kumbe alidhani vijana wamemkasirikia maana hawakuaga!

Maji tumempelekea, tukaacha mitungi getini, tukapungiana kwa mbali, halafu mbio nyumbani kabla kafyu ya saa moja haijatukuta.

Watoto wetu kila siku wanapiga, rudini nyumbani. Tutatokaje na Nairobi imefungwa? Na hata ikifunguliwa leo, hao wengine kwenye karatasi nani atawapigia? Mzee saa hii yuko na jina la pili, anaongea kwa sauti kama yuko sokoni 😄

Nyinyi wenzangu mnawajulia hali vipi wazee na wagonjwa siku hizi? Niambieni.