Vidonge vitano

Jana nimemeza vidonge vitano vya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Ni vikubwa, na daktari huvihesabu kwa uzito wa mtu: miligramu 40 kwa kila kilo, kila kidonge miligramu 600. Mimi nina kilo 75, hesabu ikaangukia vitano kamili. Nesi akauliza kama nimekula. Nimekula, ugali na sato. "Basi meza, usitafune." Cha tatu kikanikwama nikakitafuna. Tangu bibi aache kuninywesha mwarobaini sijawahi kuonja uchungu wa namna ile.

Kichocho nimekipata kwenye kujitolea. Wanaonifahamu wamecheka sana, na mimi nimecheka nao, ila usiku nikajikuta nawaza mengine.

Klabu yetu ya kujitolea hapa Mwanza ina watu kama ishirini hivi: walimu, fundi simu, dada anayeuza nguo Makoroboi, na mimi mweka hazina. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, huwa tunatafuta pa kwenda. Tumezoa taka kando ya Mto Mirongo mara sijui ngapi. Mvua moja tu ikinyesha, mto unaleta nyingine. Mwaka mmoja tulifyeka nyasi Igoma, kwenye makaburi walikozikwa watu wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Siku ile hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Naikumbuka kuliko zote.

Januari tukaenda mwalo wa Igombe, wanakotia nanga wavuvi wa Ziwa Victoria, kung'oa magugu maji. Gugu hili lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wamelizoea kama mgeni asiyeaga. Upepo ukilisukuma ufukweni, mitumbwi haitoki. Tulikuwa na fulana mpya, bango refu, na glovu. Gambuti hazikuwepo. Fedha niliidhinisha mimi, kwa hiyo simlaumu mtu.

Mzee mmoja wa mwaloni alitutazama tukikunja suruali. "Vijana, fungeni kamba, mvutie nchi kavu. Humo msiingie." Tukamshukuru kwa adabu zote, tukaingia hadi kiunoni. Picha zilitoka nzuri mno.

Nilichokuja kuelezwa maabara, mwezi Machi, baada ya wiki kadhaa za tumbo kukata na choo chenye damu nilichodhani ni amiba, ni hiki: minyoo ya kichocho hukulia kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha vijidudu vyake hutoka, huogelea na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi kitu. Na konokono hao hupenda kujishikiza kwenye mimea ya majini, yakiwemo magugu tuliyokuwa tumeyakumbatia kwa furaha. Klabu ikanitumia pole nyingi kwenye grupu. Mmoja akapendekeza mchango wa matibabu.

Lakini pale Igombe kulikuwa na mama. Alikuwa hatua chache kutoka kwetu, mtoto mgongoni, maji magotini, anasugua masufuria kwa mchanga. Nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha kubabaisha, "Mwangaluka, mayu," akaitikia huku akicheka. Akauliza, "Mtarudi lini?" Nikajibu, "Tutaangalia." Magugu yaliangalia haraka kuliko sisi. Yakipata maji yenye rutuba huongezeka maradufu kwa wiki mbili au chini ya hapo, na mbegu zake hulala kwenye tope miaka mingi.

Mimi nilikaa kwenye maji yale kwa saa tatu, nikapewa pole na dawa. Yeye yumo kila siku. Kingatiba ya kichocho hugawiwa zaidi mashuleni, na yeye si mwanafunzi. Mwanawe wa mgongoni naye hajafika umri wa shule. Halafu dawa yenyewe huua minyoo iliyomo mwilini tu. Nikiingia ziwani kesho, naanza upya. Sasa yeye aanze upya mara ngapi? Katika pole zote zile hakuna aliyemtaja, nami nilikuwa najibu "asanteni" tu.

Leo mchana nimempigia yule mzee, namba yake nilikuwa nayo tangu ile siku ya maandalizi. Nimemwambia tunataka kurudi, safari hii kwa kamba, na kwamba kabla ya hapo nitapita zahanati kuuliza watu wazima wa mwaloni wanapimwaje. Nimemwomba pia atuulizie akina mama wanataka tusaidie nini hasa, maana mara ya kwanza hatukuuliza.

Akanyamaza kidogo. Nikadhani salio limekata.

"Lile bango lenu mnalo bado?"

"Lipo kwangu, mzee."

"Njoo nalo. Akina mama wanaanika dagaa mchangani."

Nimelitoa chini ya kitanda, nimelikunjua sebuleni. Jina la klabu liko upande mmoja tu. Wa pili ni mweupe.