Kumbukumbu ya mradi: Kenya iko ukurasa gani?

Wiki ya 1

Boksi la viatu limeshuka kutoka juu ya kabati. Vumbi lake lingetosha kuotesha sukuma wiki. Ndani kuna albamu yangu ya stika za Kombe la Dunia la 2010, dabo (zile zilizojirudia) zilizofungwa kwa raba, na kadi chache nilizonunua nilipoanza kupata mshahara.

Nilikuwa nimejiandalia somo zima kwa wapwa zangu: Panini, watengeneza stika wa Modena kule Italia, albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia, Mexico 1970. Somo lilidumu dakika mbili. Shiru, mwenye miaka saba, alifunua kurasa zote, akarudi mwanzo, akafunua tena.

"Anko, Kenya iko ukurasa gani?"

Nikamwambia hatujawahi kufuzu. Akaifunga albamu, akarudi kwa katuni zake.

Wiki ya 2

Ian, kaka yake, alinasa, ila kwa ndoana isiyofaa. Nilipayuka kwamba kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Tangu hapo kila kadi anaiinua kwenye taa kama keshia anayekagua noti ya elfu, kisha anauliza, "Na hii ni ngapi?"

Kosa ni langu. Mtoto ukimwanzishia bei, picha haioni tena. Nikamwonyesha ile kadi "yenye sahihi" niliyouziwa mtandaoni: sahihi yenyewe imechapwa pamoja na picha. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuona cha kuchekesha.

Wiki ya 4

Swali la Shiru lilikataa kunitoka kichwani. Basi kama hatumo kwenye albamu, tutajichora wenyewe. Nimenunua manila, kipande cha ukubwa wa A4 kinatoa kadi tisa za milimita 64 kwa 89, kipimo cha kadi za Marekani. Kava tumezikata kutoka kwa folda za plastiki angavu, tukaunga kingo kwa rula ya chuma na mshumaa. Tatu za kwanza ziliungua, na dada yangu akatufukuza jikoni.

Sheria ya Shiru: maneno ya nyuma ya kadi lazima utafute mtu mzima aliyeona au kusikia jambo lenyewe, akusimulie. Hiyo sikuitunga mimi, na ndiyo iliyookoa mradi.

Ian alinihoji mimi kuhusu Victor Wanyama: 7 Novemba 2012, Celtic 2, Barcelona 1, bao la kwanza lake kwa kichwa. Amemchora mwenye kichwa kikubwa kuliko goli. Shiru alimwendea guka yake (babu), akarudi na Kipchoge Keino, Mexico 1968. Guka amemsimulia kwamba siku ya fainali ya mita 1500 basi lilikwama kwenye jam, Keino akashuka akakimbia hadi uwanjani, kisha akashinda dhahabu. Mtoto wa Nairobi jam anaijua. Kwenye kadi yake hakuna uwanja wala medali: kuna basi limesimama, madereva wamekasirika, na mtu mmoja mwembamba anapita kando yao mbio.

Nimekusanya kadi miaka yote hii na sina iliyo nzuri kama hiyo.

Wiki ya 7

Watoto wa ploti wameingia. Tuna Faith Kipyegon na dhahabu zake tatu za Olimpiki za mita 1500, Catherine Ndereba na 2:18:47 yake ya marathoni ya Chicago, na Ryan Ogam anne, maana kila mmoja anataka lile bao dhidi ya Morocco pale Kasarani, Agosti 2025. Ogam amekuwa dabo kabla hajazeeka.

Dabo ndizo zilizonipa nafasi ya kuwarudisha kwenye stika. Niliwapigia hesabu: albamu ya Qatar 2022 ilikuwa na stika 670. Ukinunua peke yako bila kubadilishana na mtu, bahati ya kawaida itakudai stika kama 4,700 ndipo ijae. Ian akaniuliza kama nilikuwa na marafiki mwaka 2010. Albamu yangu ina mapengo mengi, kwa hiyo sikumjibu.

Sasa Jumamosi baada ya chai wanakaa kwenye ngazi na kadi mapajani. Mwanzoni nilikuwa nawapigia kelele washike kwa kingo. Nimeacha. Kadi mbili za kwangu zimekunjika pembe, moja ina alama ya chapati.

Wiki ya 8

Kadi ya McDonald Mariga niliyoichora mwenyewe, yenye jezi ya Inter Milan ya 2010, haipo kwenye faili langu. Iko kwa Shiru. Anasema tulibadilishana nikiwa kwenye simu na nikaitikia "sawa." Nikitaka kumrudisha, nimpe Ogam wawili na nimlipie manila.

Nimempa Ogam mmoja. Amekataa.