Kupima na kuongeza oili ya giaboksi ya otomatiki: ninavyofanya mwenyewe

Gari la otomatiki likipungukiwa oili ya giaboksi mara nyingi haliwashi taa yoyote kwenye dashibodi. Dalili zinakuja kwa njia nyingine. Asubuhi unaweka D, injini inanguruma, gari linakaa sekunde moja au mbili ndipo lisogee. Au unapanda kilima, mizunguko ya injini inapaa ghafla lakini mwendo hauongezeki. Premio yangu, ile ya umbo la 240 yenye injini ya lita 1.5 na giaboksi ya gia nne, ilianza kuchelewa hivyo asubuhi wakati naitumia kati ya Tororo na Kampala. Nilipima mwenyewe, nikaongeza, kisha nikatafuta palipokuwa panavuja. Hatua zenyewe si ngumu, ila zina utaratibu wake, na ukiruka mmoja tu kipimo kinakudanganya.

La kwanza kuelewa ni kwamba giaboksi haili oili. Injini iliyochakaa huunguza oili yake kidogo kidogo, kwa hiyo kuongeza ni kawaida. Giaboksi haiunguzi. Ikipungua, ama kuna mahali inavuja, ama aliyeibadilisha mara ya mwisho hakurudisha kiasi alichomwaga. Kuongeza bila kujua imekwenda wapi ni nusu ya kazi.

Halafu upimaji. Oili ya injini unapima injini ikiwa imezimwa. Ya giaboksi ya otomatiki ya Toyota unapima injini ikinguruma, kwa sababu pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukizima, sehemu ya oili iliyokuwa juu inashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, na kijiti kinasoma juu kuliko hali halisi. Hapo utaambiwa imejaa, kumbe imepungua. Ukiwa gereji na fundi anataka kuzima ili apime, mwambie tu kwa heshima: "Fundi, tuiache ikinguruma, tupime hivyo hivyo." Honda ndiyo tofauti: unaipasha moto, unazima, kisha unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kuamini mazoea ya mtu yeyote, pamoja na haya yangu.

Gari lisimame mahali tambarare kabisa. Kwa Kampala hili linahitaji kutafutwa, maana nyua nyingi ziko kwenye mteremko, na mteremko mdogo tu unahamisha oili upande mmoja wa sampu. Mimi hutumia sakafu ya zege ya kituo cha mafuta, pembeni, mbali na pampu.

Joto nalo lina uzito wake. Oili hii hutanuka ikipata moto, ndiyo maana kijiti kina alama za pande mbili: COOL na HOT. Ya COOL ni kwa oili yenye nyuzi 20 hadi 30 hivi, ambalo ndilo joto la gari lililolala nje mchana wa Tororo au Kampala. Lakini alama hiyo ni ya kukadiria tu. Inakujulisha kama unaweza kuondoka. Kipimo cha kweli ni cha HOT, oili ikiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80, na ili ifike huko endesha walau dakika 20 au 30 barabarani. Kuliacha gari likinguruma limesimama uani hakutoshi. Injini itapata moto wakati giaboksi bado ni vuguvugu. Gari lililolala Kabale, ambako asubuhi ni baridi kweli, liko chini hata ya joto la COOL, basi usianze kuongeza hapo. Na kinyume chake: ukitoka kwenye foleni ndefu ya Jinja Road juani, au umemaliza kupanda mlima na mzigo, acha gari lipoe kama nusu saa kwanza. Oili iliyopita kiasi cha joto itasoma juu.

Vuta handibreki, weka mawe kwenye magurudumu, kanyaga breki. Injini ikinguruma taratibu, peleka gia kutoka P hadi R, N, D, 2, L, ukikaa sekunde mbili tatu kwenye kila moja, kisha rudi mpaka P. Unafanya hivyo ili oili ijaze njia zote za ndani. Usizime. Fungua boneti. Kwenye Premio kijiti cha giaboksi kiko upande wa betri, kimejificha chini kidogo. Cha injini kiko kwenye injini yenyewe. Kwenye Subaru nyingi za zamani kuwa mwangalifu: kuna kijiti cha tatu, cha difu ya mbele, ambayo inatumia oili nzito ya gia, si ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki. Ukimimina ATF huko, umeharibu difu na giaboksi bado ina njaa.

Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena, ndipo usome. Futa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au karatasi laini. Zile pamba za gereji ziache kabisa: uzi mmoja ukiingia kwenye valvu nyembamba za giaboksi unaweza kuzuia gia isishike. Soma pande zote mbili za kijiti na uamini ule ulio chini, kwa sababu upande mmoja huwa umepakwa oili wakati wa kuchomoa.

Kabla ya kukirudisha, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na ulitazame likisambaa. Oili nzuri inaacha doa jekundu linalopita mwanga, likitanuka sawasawa. Iliyochoka inakuwa kahawia na kuacha duara jeusi katikati. Sugua tone jingine kati ya kidole na kidole gumba: ukihisi mchanga mchanga, au ukiona chembe za chuma zinazometa kwenye jua, kuna kitu kinasagika ndani. Inuse pia. Harufu ya kuungua maana yake sahani za klachi za ndani zimeteleza zikaungua, na hapo kuongeza oili hakutaponya chochote.

Ikiwa tone ni la rangi ya waridi yenye maziwa, simamisha kila kitu. Hayo ni maji. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi inapoozwa na kipoozeo kilicho ndani ya rejeta. Kikitoboka, maji ya rejeta na oili vinakutana. Hapa kwetu hili linasababishwa sana na tabia ya kujaza rejeta maji ya kisima mwaka mzima badala ya kulenti, yale maji maalumu ya rejeta: kutu na chumvi vinakula chuma kutoka ndani. Usiliendeshe gari hilo hata kilomita moja zaidi. Maji yanabandua gundi ya sahani za klachi, na giaboksi nzima inakufa.

Sasa aina ya oili. Kwenye Toyota nyingi jina limepigwa chapa kwenye kijiti chenyewe. Changu kinasema T-IV, aina mojawapo ya ATF ya Toyota. Muuzaji akikupa aina nyingine, Dexron III, akisema "zote ni nyekundu, zote ni ATF", kataa. Rangi ni dawa tu iliyotiwa ili uvujaji uonekane, haisemi chochote kuhusu msuguano ambao klachi za ndani zinautaka. T-IV na WS, ATF nyingine ya Toyota, nazo si kitu kimoja. WS ni nyepesi zaidi. Giaboksi za CVT, zile za otomatiki zinazotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, zinataka oili ya CVT pekee. Ukiweka ATF ya kawaida, mkanda wa chuma unateleza na kukwaruza puli zake. Hili linatuhusu zaidi sasa, kwa kuwa tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, magari yanayopita mipaka ya Malaba na Busia ni mapya kidogo, na mengi yao ni CVT. Premio ya 240 na ile ya 260 zinaitwa jina moja, lakini ya 260 nyingi ni CVT. Nunua kopo lililofungwa, angalia muhuri wa kifuniko haujaguswa, na usikubali ya kupimiwa kutoka kwenye debe.

Kuongeza kunafanyika kupitia bomba lile lile la kijiti. Unahitaji faneli yenye mrija mrefu mwembamba, safi, isiyowahi kupitisha oili ya injini wala maji. Nafasi kati ya alama ya chini na ya juu upande wa HOT ni ndogo, kwa kawaida haifiki nusu lita. Kwa hiyo ninachukua chupa ya maji ya nusu lita iliyokauka kabisa, naichora alama ya robo, na kumimina kidogo kidogo, kama mililita 200 kwa mara moja, injini ikinguruma. Kisha nasubiri dakika kadhaa. Ukipima papo hapo, kuta za bomba bado zimelowa na kijiti kinatoka kimepakwa mpaka juu, husomi kitu. Ukishasubiri, pitisha gia zote tena na upime. Premio ilikubali jumla ya mililita 400 hivi mpaka kufika kati ya alama mbili, na hapo niliacha. Hakuna faida ya kulazimisha ifike alama ya juu.

Kuzidisha ni hatari kama kupunguza, ingawa watu wengi hawaamini. Oili ikipanda mno, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu. Povu ni hewa, hewa inabonyea, presha inashuka, na klachi zinateleza vile vile kama oili ingekuwa imepungua. Dereva anahisi gia zinateleza, anaongeza tena! Ziada nyingine inatoka kwenye tundu la kupumulia na kulowesha giaboksi nje, ukadhani ni sili imekufa. Ukizidisha, nyonya kwa sindano kubwa yenye mrija mwembamba kupitia bomba la kijiti, injini ikiwa imezimwa.

Kutafuta uvujaji, tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya gari usiku na uweke alama magurudumu yalipo. Doa jekundu asubuhi linaonyesha eneo. Pembeni, shafti ya gurudumu inapoingia kwenye giaboksi, ni oili sili. Huharibika sana baada ya shafti kuchomolewa kubadilishwa joint, mtu akaikwaruza sili wakati wa kurudisha. Kuzunguka sampu ni gasketi, na dawa yake si kukaza bolti kwa nguvu, maana sampu ni bati, inapinda na kuvuja zaidi. Kati ya injini na giaboksi ni sili ya pampu. Hiyo inahitaji giaboksi ishushwe. Kama usukani wa gari lako ni wa hidroliki, angalia na kopo lake, kwa kuwa oili yake nayo huwa nyekundu. Maji meupe ya AC usiyajali.

Tatizo langu lilikuwa jepesi: hosi ya mpira inayokwenda kwenye rejeta ilikuwa imekakamaa pale inapobanwa na klipu, na oili ikitoka tone tone injini ikiwa na moto tu. Hosi kama ina urefu wa kutosha unakata ncha iliyokufa na kuweka klipu mpya. Ukilazimika kubadilisha, omba hosi ya oili ya giaboksi yenyewe. Ya maji inavimba na kulainika ikiguswa na ATF.

Ikiwa oili ni ya kahawia bila harufu ya kuungua, bora kuibadilisha kuliko kuongeza. Kwa Premio hii kumwaga kwa nati ya chini kunatoa kama lita tatu tu. Iliyobaki inakaa ndani ya konveta, ile sehemu inayounganisha injini na giaboksi. Pima ulichomwaga, rudisha kiasi hicho hicho. Nati hiyo inafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa ndani, namba 10, wakati ya injini inafunguliwa kwa spana 14. Simama karibu na fundi siku ya sevisi, kwa sababu kuna wanaomwaga giaboksi wakidhani ni injini, kisha wakajaza injini mara mbili.

Magari kama Mark X hayana kijiti. Hapo gari zima linainuliwa likiwa sawa pande zote nne, joto la oili linasomwa kwa mashine ya kompyuta, na oili inaongezwa mpaka ianze kuchuruzika kwenye nati ya kukagulia. Jeki moja mbele haifai. Na fundi afungue kwanza nati ya kujazia kabla ya kumwaga; ikiwa imeshika kutu na amekwisha kumwaga, gari haliondoki.

Ukipita kwenye mafuriko, kama yale ya Bwaise mvua ikinyesha, na maji yakafika usawa wa giaboksi, chomoa kijiti kabla ya kusafiri tena. Maji huingia kwa tundu la kupumulia giaboksi ya moto inapopozwa ghafla. Ukiona rangi ya maziwa, zima, lipakie gari kwenye lori la kubebea magari au, kama linaendeshwa na magurudumu ya mbele tu kama Premio yangu, livutwe magurudumu hayo yakiwa yameinuliwa, na oili imwagwe na kujazwa mpya mpaka itoke safi.