Mbona Furaha alizaliwa nyumbani

Shule ya mtoto wangu Furaha wameitisha cheti cha kuzaliwa, akakisoma mwenyewe pale pa mahali alipozaliwa, akaniuliza mbona wenzake wengi wameandikiwa hospitali na yeye nyumbani. Nikamwambia tutaongea jioni. Jioni ikafika sikuweza.

Ilikuwa Aprili 2014, wakati wa ule msako wa polisi hapa Nairobi, ulioitwa Usalama Watch. Machi yake serikali ilikuwa imeagiza wakimbizi wote wa mjini waende kambini, Dadaab ama Kakuma, halafu mtaa wetu wa Eastleigh ukawa hauna usingizi, watu wanabebwa na malori, wengine wanapelekwa uwanja wa Kasarani, hata wenye karatasi. Na mimi mimba ilikuwa imetimia. Kliniki nilikuwa nahudhuria, kadi ninayo, barua ya UNHCR, shirika la wakimbizi, ninayo, na kujifungua hospitali za serikali kulishafanywa bure tangu Juni 2013, kwa hivyo hata pesa haikuwa shida. Kutoka kwetu Section Three mpaka hospitali ya kujifungulia ya Pumwani si mbali kabisa.

Uchungu ulinishika usiku. Mume wangu, Baba Heri, akabeba begi, tukashuka ngazi pole pole, kila ghorofa nasimama nashika ukuta. Tukafika getini, soja ameshika kufuli na hafungui. Huko nje taa za gari zinapita chini ya geti, zinasimama, zinasonga tena, tunasikia buti, mtu anagonga ploti ya jirani kwa nguvu na mtoto analia ndani, na mimi maumivu yakija nauma leso nisipige kelele. Kadi ya kliniki nimeikunja mkononi mpaka imelowa jasho. Baba Heri akaninong'oneza, "Mama Heri, tutoke, nitawaonyesha karatasi." Hapo jirani yetu Mama Hodan akafungua mlango wake wa chini kidogo tu. Kijana wake alikuwa amebebwa juzi yake na karatasi zake mfukoni. Akasema, "Baba Heri, ukibebwa wewe, huyu atabaki na nani barabarani? Mlete ndani."

Nikazalia kwenye godoro lake, kwa mwanga wa simu, hakuna glavu, wembe wameuchemsha kwa sufuria ya chai. Damu ilichelewa kukatika, na hiyo sehemu bado inaniogopesha kuisema. Kulipokucha pia hatukutoka. Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, ambayo mtoto hupewa akizaliwa, Furaha aliipata msako ulipopoa.

Nasikia watu wakisema sisi wageni tunapenda kuzalia nyumbani, eti ndiyo mila zetu, na inaniuma sana. Mimi nilitaka hospitali. Nilitaka daktari wa kusimamisha ile damu. Kama tungetoka labda tungefika salama, labda Baba Heri angelala selo, mpaka leo tunabishana naye.

Sasa kuna dada amekuja kutoka Uvira, Kongo, anakaa hapa nyuma yetu, tumbo limeshakuwa kubwa na kliniki hajakanyaga kwa sababu kadi yake ya mkimbizi bado haijatoka. Nimemwambia nitamsindikiza mimi mwenyewe, Jumatatu asubuhi mapema. Amesema atafikiria.